Firigisi ya Mwenye Nyumba

Mgeni alifika saa tatu asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya miwa. Kageha alikuwa nyuma ya jiko akisugua sufuria kwa majivu. Alisikia sauti kabla ya kuona mtu.

"Hodi hapa."

"Karibu."

Hakuna aliyetokea. Njia ya udongo mwekundu wa murramu ilikuwa nyeupe kwa ukungu, lango lilikuwa jeupe, na shamba la miwa ng'ambo ya njia lilionekana kama ukuta uliochorwa kwa mkaa na kufutwa. Kisha viatu vilijitokeza, vimejaa tope. Baada ya viatu ukaja mkoba. Uso ulikuja mwisho. Ulikuwa uso wa kijana mrefu, mwembamba, wa miaka ishirini na kitu, ambaye Kageha hakuwahi kumwona.

Aliutazama mkoba zaidi kuliko alivyomtazama kijana. Ulikuwa wa turubai la kijani. Mkanda wake uliwahi kukatika na ukashonwa upya kwa uzi wa mkonge. Ulikuwa na mishono kumi na mmoja iliyokatizana, na wa mwisho ulikwenda upande kwa sababu sindano ilivunjika. Kageha aliijua sindano hiyo. Aliushona mkanda huo yeye mwenyewe, akamkabidhi mwanawe Protus. Miaka saba iliyopita Protus aliutia mkoba begani, akatoka kwa lango lile lile, na hakurudi.

Watu wa Navakholo wanajua jinsi mali ya aliyefia mbali inavyorudi nyumbani. Huletwa na mtu asiyejulikana. Mtu huyo husimama uani, hukohoa kidogo, kisha husema. Ayuma, jirani wa upande wa mtoni, aliletewa hivyo viatu vya mumewe na simu iliyozimika, vimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Kwa hiyo Kageha alijua kijana huyu amebeba nini. Lakini kijana hakuwa amesema. Na jambo lisilosemwa, Kageha aliwaza, bado halijaingia lango.

"Mama," kijana alianza, "nimetoka mbali, na nime..."

"Naona umetoka mbali. Keti. Vua viatu."

Sheria ya nyumba hiyo ilikuwa fupi: mgeni haulizwi habari zake kabla hajala. Mama mkwe wake alimfundisha hivyo alipoolewa. Baadaye alilikuta jambo lilo hilo kwenye Maandiko, na kwa miaka mingi aliwafundisha akina mama kanisani. Ibrahimu aliwaona watu watatu mbele ya hema yake. Hakuwauliza watokako wala waendako. Aliagiza maji ya miguu, akakimbilia ng'ombe kuchagua ndama. "Alikimbia," Kageha alipenda kuwaambia. "Mzee wa miaka tisini na tisa, mchana, jua kali. Alikimbia."

Leo, kwa mara ya kwanza, aliiona faida nyingine ya sheria hiyo. Ikiwa mgeni haulizwi kabla hajala, basi chakula kikichelewa, habari nayo itachelewa. Protus angeendelea kuishi mpaka sahani zitolewe mezani. Kageha aliamua kupika polepole.

Alileta beseni la maji ya uvuguvugu, akapiga magoti.

"Hapana, mama!" Kijana alirudisha miguu chini ya kiti. "Mimi ni mtoto. Nitajiosha."

"Najua wewe ni mtoto. Leta mguu."

Tope la njiani liliyeyuka na maji yakawa mekundu. Kijana alitazama paa kwa aibu.

"Naitwa Kiptoo," alisema. "Natoka Likuyani. Nilizaliwa siku ambayo wageni walikuwa nyumbani. Kwetu mtoto wa namna hiyo huitwa Kiptoo."

"Basi umekuwa mgeni tangu kuzaliwa."

"Hapana, mama. Wageni walikuwa wao. Mimi nilikuwa mwenyeji."

Kageha alicheka, na kicheko chake mwenyewe kilimshangaza. Kiptoo naye alicheka. Kisha alimtazama usoni kwa namna ya ajabu, kama mwanafunzi anayelijua jibu na anasubiri mwalimu aulize swali. Kageha alikwepa macho hayo. Alimwaga maji chini ya mgomba na kwenda kuchemsha chai.

Chai ilichukua muda, kwa kuwa alichagua kuni mbichi.

Zaidi ya mgeni huyu, hakuwa na njia ya kupata habari za Protus. Mwaka wa kwanza alipiga nambari yake kila jioni na haikupatikana. Mwaka wa tatu iliita. Ilipokelewa na msichana wa Nakuru aitwaye Mitchel, ambaye alikuwa amepewa nambari hiyo kama mpya. Mitchel alieleza mara moja, akaeleza tena mwezi uliofuata, kisha akaacha kueleza. Sasa Kageha alipopiga, Mitchel aliuliza hali ya mahindi, naye Kageha aliuliza hali ya masomo. Nambari ya mwanawe ilikuwa imepata mwenyeji mwingine, naye alikuwa mwenyeji mkarimu.

Baada ya chai Kiptoo aliweka kikombe chini kwa mikono miwili.

"Mama, nashukuru. Sasa kama una neno lolote la kuniuliza..."

"Chai si chakula," alisema Kageha, akaenda kumtafuta kuku.

Vijogoo laini walikuwepo wawili. Aliwapita. Alimchagua jogoo mwekundu mzee, mwenye makucha yaliyopinda, ambaye nyama yake ingehitaji saa tatu motoni. Alikuwa bado akimnyonyoa wakati Osundwa alipopita kwenye ua wa nyuma. Osundwa alikuwa rafiki wa marehemu mumewe, mzee mnene mwenye kofia ya sufu isiyovuliwa hata mwezi wa pili.

"Shemeji! Huyo ni jogoo au ni mzee wa kanisa?"

"Nina mgeni."

"Naona. Lakini mgeni atakula leo, ama mchuzi wataukuta wajukuu wake? Huyo jogoo amepiga kura mara mbili."

"Keti, Osundwa. Mgeni hali peke yake. Utakula naye."

"Hilo halina ubishi. Mimi ningali kwangu nilisikia maji yakichemka, miguu ikaanza kutembea yenyewe."

Alicheka, kisha akachungulia sebuleni kupitia mlangoni. Kiptoo alikuwa ameketi wima. Mkoba ulikuwa kwenye kiti cha pili, kama mtu mwingine aliyealikwa. Osundwa aliutazama sana. Alipogeuka, kicheko kilikuwa kimeisha.

"Shemeji. Huo si mkoba wa..."

"Mgeni hajala," alisema Kageha.

Osundwa aliketi juu ya kigogo. Aliinamisha kichwa na kuanza kuokota manyoya moja moja, ingawa hakuna aliyemwomba.

Alikuwa na sababu ya kunyamaza. Katika nchi ile kila kipande cha kuku kina mtu wake. Firigisi, ambayo wao huiita imondo, ni ya mwenye nyumba. Huwekwa mbele yake hata kama ameshiba. Mgeni hupewa tu ikiwa mwenye nyumba ameamua kumketisha mahali pake. Masinde, mume wa Kageha, alipougua kifua, alianza kumwachia Protus kipande hicho. Wote walielewa maana yake: nyumba inahama mikono.

Kisha jioni moja ya mvua alikuja mtu anayechechemea, akaomba mahali pa kulala. Protus alikuwa mlangoni. Alikuwa amechoka kumwuguza baba yake, na alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Alisema, "Hapa si hoteli." Mtu yule alisema asante na kurudi mvuani. Masinde alisikia yote kutoka kitandani.

Siku iliyofuata alichinjwa kuku. Masinde aliletwa mezani akiwa amefungwa blanketi. Alichukua firigisi kwa vidole vinavyotetemeka, akaipitisha mbele ya uso wa Protus, na kuiweka kwenye sahani ya Osundwa, aliyekuwa amekuja kumjulia hali.

"Nyumba inayofukuza mgeni haina mwenyewe," alisema.

Osundwa hakujua la kufanya, kwa hiyo aliila. Protus alisimama, akatwaa mkoba. Hakuna aliyemfuata. Walidhani angerudi kabla ya chakula cha jioni. Masinde alikufa baada ya miezi mitatu, na siku za mwisho alirudia maneno machache tu. Alisema, "Imondo yake imebaki."

Tangu hapo, kila kuku alipochinjwa, Kageha aliiweka firigisi kwenye bakuli dogo lenye kifuniko, juu ya rafu. Ilikaa mpaka asubuhi. Asubuhi alimpa paka. Paka alikuwa amenenepa kwa huzuni ya nyumba ile.

Mchana ulisogea taratibu, kama kitu kinachoelea. Ukungu ulipanda kidogo, ukageuka kuwa wingu, na wingu likakaa juu ya paa bila kunyesha. Jogoo alichemka. Kageha aliongeza maji, akaondoa kuni moja, akaongeza maji tena. Harufu ilitoka jikoni, ikavuka ua, ikapita langoni na kuingia kwenye miwa. Miwa hiyo ilikuwa imepitisha wakati wa kukatwa na sasa ilikuwa mirefu kuliko nyumba. Hapakuwa na upepo. Hata hivyo mahali pamoja, karibu na njia, majani yalitikisika, yakatulia, yakatikisika tena.

"Ni nguchiro," alisema Osundwa. "Amenusa kuku."

Sebuleni mkoba nao ulitikisika. Ulitetemeka juu ya kiti kwa muda mfupi, ukitoa mngurumo mdogo, kisha ukanyamaza. Baada ya robo saa ulitetemeka tena. Kiptoo aliutazama na kufumba midomo. Hakuufungua. Kageha, aliyekuwa akipanga sahani, alifikiria kifaranga ndani ya yai. Kisha alijikemea. Ilikuwa simu tu. Pengine ni ndugu wa kijana waliokuwa wakimwuliza kama ameshasema.

Saa nane jogoo alikubali kuiva. Hapakuwa na kitu kingine cha kuchelewesha. Kageha alisonga obusuma, ugali wa kwao, akaupakua ukiwa umeshikamana, akaulainisha kwa mwiko uliolowekwa maji. Kisha alisimama mbele ya sufuria akiwa na firigisi kwenye kijiko.

Bakuli dogo lilikuwa juu ya rafu. Kama angeiweka humo, angekuwa anasema kwamba bado anangoja. Lakini alikuwa ameuona mkoba. Kumngojea mtu ambaye mkoba wake umerudi peke yake si imani tena, aliwaza. Ni kumlisha paka. Kijana huyu alitembea kwenye tope ili alete neno zito, na tangu asubuhi alikuwa amezuiwa kulitua. Alistahili kuketishwa mahali pa mwenye nyumba. Mahali penyewe palikuwa wazi.

Aliiweka firigisi juu kabisa ya sahani ya mgeni. Mkono wake haukutetemeka. Jambo hilo lilimwumiza zaidi kuliko kama ungetetemeka.

Aliwanawisha mikono. Aliomba kwa ufupi. Aliweka sahani mbele ya Kiptoo na kusema, "Kula, mwanangu. Ukimaliza nitakuuliza ulichokuja nacho."

Osundwa aliiona firigisi. Mkono wake ulirudi kutoka kwenye obusuma.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Una hakika?"

"Kula, Osundwa."

Kiptoo hakula. Aliitazama sahani kwa muda mrefu. Kisha aliisukuma mbele kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayesogeza kitu kilicholala.

"Mama, hii siwezi kula."

"Haijaiva?"

"Imeiva. Lakini ina mwenyewe."

"Mwenyewe hayuko," alisema Kageha. Hakuwa amewahi kuyatamka maneno hayo, hata peke yake.

"Mwenyewe yuko, mama," alisema Kiptoo. "Na ana njaa."

Kageha alishika ukingo wa meza. Aliona mdomo wa kijana ukiendelea kusema, na ilimchukua muda sauti kumfikia, kana kwamba ilivuka maji.

"Aliniapisha," Kiptoo alisema. "Nisitaje jina lake mpaka wewe ulitaje. Aliniambia, 'Mama akiniulizia, mwambie nimekuja. Asipouliza, kunywa maji, shukuru, rudi, nasi twende zetu.' Alinipa mkoba ili uuone mshono wako uulize. Tangu asubuhi nangoja uulize, mama. Nikawa najiambia, mama huyu amemwosha miguu mtu asiyemjua, lakini mwanawe hamtaki."

"Mgeni haulizwi kabla hajala," alisema Kageha.

"Hilo sikulijua."

"Yeye analijua!" Osundwa aliruka. "Amezaliwa hapa! Miaka saba tu, kijana amesahau sheria ya nyumba yao!"

"Hakusahau, mzee. Aliniambia kwamba yeye ndiye aliyeivunja. Nadhani hakuamini kama inaweza kumhusu tena." Kiptoo alimgeukia Kageha. "Alifika kwetu na homa, akaanguka karibu na ghala la mahindi. Mama yangu, Jepkoech, hakumwuliza jina kwa siku nne. Siku ya tano aliponyanyuka alilia. Tulidhani ni ugonjwa. Tangu hapo analima nasi. Kila tukichinja kuku anakataa kipande hicho. Anasema chake kilipita mbele yake, na kwamba baba alifanya haki. Habari za kifo cha baba zilimfikia baada ya mwaka mzima. Akaona sasa hana uso wa kuuleta hapa."

Kageha alisikia yote. Lakini kulikuwa na swali moja, na lilikuwa limekaa kooni tangu saa tatu asubuhi, na tangu miaka saba. Mgeni hakuwa amekula. Tonge halikuwa limeguswa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliivunja sheria.

"Protus yuko wapi?"

Mkoba ulitetemeka juu ya kiti.

"Yuko kwenye miwa," alisema Kiptoo. "Ng'ambo ya njia. Hiyo simu ni yeye. Nilimwambia sitapokea mpaka niwe na jibu. Nadhani sasa anataka kujua kama tumeanza kula."

Osundwa alisimama hadi kiti kikaanguka. "Nguchiro!" alifoka. Alielekea mlangoni huku amejaza kifua hewa. "Wewe Protus! Toka humo..."

"Nyamaza," alisema Kageha. "Usimwite kama mbuzi."

Alichukua sahani. Alitoka nayo jinsi ilivyokuwa, firigisi ikiwa juu, mvuke ukipanda kuingia kwenye wingu. Magoti yake yalikataa kukimbia. Alitembea upesi kadiri yalivyoruhusu, akavuka ua, akafungua lango lote, si upande mmoja tu. Njia ya murramu ilikuwa na alama za viatu za jozi mbili zilizokuja pamoja kutoka sokoni. Jozi moja ilipinda kuingia langoni kwake. Nyingine ilisimama, ikakanyagakanyaga mahali pamoja, kisha ikapinda kuingia kwenye miwa. Alikuwa hajatoka nje ya lango tangu asubuhi. Zilikuwa hapo muda wote.

Alifika ukingoni mwa shamba. Miwa ilikuwa imeungana juu kama paa. Ndani ukungu ulikuwa haujaondoka. Palionekana kama nyumba, nyumba ndefu yenye nguzo nyingi na giza jepesi, na ndani yake mtu alikuwa akipumua.

Kageha alikuwa na maneno mengi. Aliyapanga kwa miaka saba, usiku baada ya usiku, mengine ya hasira, mengine ya kuomba radhi. Yote yalikuwa maneno ya mwenyeji kwa mtu anayerudi. Sasa aliona kwamba hayafai. Mtu huyu hakuwa amesimama mlangoni pake. Yeye ndiye aliyekuwa amesimama mlangoni pa mtu huyu, ameshika sahani, hajui kama atapokelewa.

"Hodi," alisema.

Majani yalitulia kabisa. Nyuma yake, langoni, Kiptoo na Osundwa walikuwa wamesimama. Tone moja la mvua lilianguka kwenye ukingo wa sahani.

"Hodi hapa," alisema tena.

Kisha, kutoka ndani ya miwa, ilikuja sauti iliyokauka, nzito kuliko alivyoikumbuka, sauti ya mtu ambaye kwa muda mrefu hakuwa na mlango wa kumkaribishia yeyote.

"Karibu," ilisema. "Karibu, mama."

Kageha aliinamisha kichwa, akaifunika sahani kwa kiganja ili majani yasiiguse, akaingia.